Brussels hadi Roma

Jumapili, baada ya isha

Saa mbili tu! Ndege kutoka Brussels hadi Roma hutumia saa mbili na dakika chache, na mimi nimekubali muda wote huu kwamba ni mbali.

Aliyenifungua macho ni Mama Furaha, Mkongomani anayesuka nywele hapa chini. "Eish, mzee! Dada yangu wa Brussels anaendaka Roma asubuhi, jioni anarudi."

Nikachukua atlasi na rula. Ni karibu kuliko kutoka hapa mtaani Troyeville hadi Cape Town, ndani ya nchi hii moja. Nilikuwa nikipima kila safari kwa ile yangu ya mabasi kutoka Tanga.

Zuhura wangu amejifungua Brussels. Arobaini ya mtoto imepita, na kaka yake Idi hakutoka Roma. Kwetu mjomba hakosi. "Ni mbali, Baba," waliniambia wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, kwa maneno yaleyale. Hilo ndilo linaloniwasha.

Jioni nikampigia Zuhura. "Mmegombana na kaka yako?"

Nikamsikia mtoto akilia.

"Baba," akasema, "umekula lakini?"

Nikamjibu nimekula. Chakula bado kiko mezani.