Kopo ya Tata Mukendi

Kolwezi, siku ya tano, kisha masomo

Mama wangu mupenzi,

Jambo sana. Uliamka muzuri? Na magoti, ingali inakusumbua pa kupanda njia ya gare? Na mikono je? Usinijibu asema "iko bien" paka juu ya kunituliza, niambie ukweli. Shiye huku tuko. Vumbi inatumeza, joto iko mingi, lakini tunakula na tunacheka. Niko na nguvu. Niko na kasirani pia, na leo nitakuandikia ile kasirani yote, kwa hiyo ikala muzuri.

Unakumbuka nilikuambia asema directeur alikubali nipeleke batoto ba septième na huitième, mwaka ya saba na ya munane, inje juma moja muzima, bajifunze sayansi mu pori, hapana paka ku tableau. Beko makumi tatu na sita. Tutalala mu nyumba ya zamani ya bapadri, kule juu ya mulima. Tunaondoka siku ya kwanza asubui.

Ee Mama, kupanga hii safari iko kazi! Bazazi bote beko na maulizo tatu tu: batoto batakula nini, babinti batalala wapi, na nyoka. Nyoka! Mama mumoja aliniuliza mara ine. Basi programme yangu nikaianza na bukari, maharagi na samaki ya kukauka, kurasa mbili muzima, kisha bitanda, kisha dawa ya nyoka. Sayansi nikaiweka nyuma kabisa. Siku ya kwanza bichuguu na badudu. Siku ya pili majiwe, batoto bajue bile baba zabo banachimbula. Siku ya tatu yale maua ya bluu yenye kuota paka fasi kuko shaba. Na siku ya ine, Mama, mayi. Tutapima fasi ine ku ule muto, na fasi ya ine iko pa shamba yako.

Ile fasi ya ine niliificha ku mwisho makusudi, asifike kuisoma. Mwenye kutia sahihi ni président wa bazazi, na président wa bazazi sasa njo Tata Mukendi. Ndiyo, ule ule, mukubwa wa mayi ku kampuni ya shaba.

Mi sijasahau hata kidogo. Mboga yako ya lengalenga iliungua ku mizizi, mikono yako ikapasuka, ukaenda kusema asema mayi yenye kutoka ku bomba ya kampuni na kuingia mu muto iko mubaya. Yeye akakuya na chupa. Akaenda kuteka mayi kule juu, mbele ya kufika ku bomba, akarudi kuikunywa pa shamba yako, mu macho ya bantu bote. "Munaona? Niko nakufa?" Bakacheka. Nilimuona fasi alitekea, nikasema, lakini nani angesikia mutoto wa masomo? Siku ya yenga bakakusimamisha mu kanisa ulombe masamaha juu ya kusingizia ndugu mu imani. Ukalomba. Mikono uliificha mu kitenge, juu ba mama benzako balikuwa banakataa kukusalimia, banasema iko bukoma. Mama yangu mwenye lengalenga yake ilikuwa inaisha mapema kupita ya bote ku soko, leo eko nauzisha makala Mutshatsha!

Basi nilimupelekea programme ku bureau yake. Akasoma chakula, akasoma bitanda, akacheka na nyoka, akasema aibakishe siku mbili. Akairudisha na sahihi. Nilitoka mule na furaha. Nilikuwa nishapanga yote. Batoto batapima na ile karatasi ya bluu yenye kugeuka nyekundu kama mayi iko na asidi. Siku ya posho, siku ya sita, bazazi batakuya kusikiliza. Binti yake Ruth, mwenye akili kupita bote mu huitième, njo angesoma majibu ya fasi ya ine. Kisha ningeweka kopo ya ile mayi mbele ya baba yake: "Tata, karibu, kunywa sawa siku ile." Nilicheka peke yangu mu njia, Mama. Mungu anisamehe, ama asinisamehe.

Sasa sikia ya leo. Niliita batoto baonyeshe mizigo: sahani, blanketi, viatu ya mvua. Ruth akafungula sac yake, ndani nikaona gants za kuvaa ku mikono, zile nzito za kampuni, zenye kufika ku kiwiko.

"Hii ni ya nini, Ruth?"

Akaangalia chini. "Madame, Papa alisema nivae siku ya ine. Ile mayi ya mwisho nisiguse na mikono mitupu hata kidogo. Alisema nisionyeshe benzangu."

Nilitafuta kiti, nikaikala.

Kumbe alisoma! Alisoma mupaka ukurasa ya mwisho, akatia sahihi juu kukataa kungemulomba aseme sababu. Na kama anajua leo, alijua siku ile pia, pale ulikuwa umesimama mbele ya kanisa. Gants paka za binti yake. Bale makumi tatu na tano bengine, shauri yabo.

Ruth aliona uso wangu, akaanza kulia. "Madame, zichukue. Kama bengine habana, mi sivae." Ule mutoto hana kosa, Mama, na nilisikia haya ya ile nilikuwa nataka kumufanyisha. Hatasoma kitu, nitasoma mi mwenyewe. Mayi pia nitateka mi, na ndoo ya kamba, hakuna mutoto atagusa. Lakini baba yake? Hapana. Sitamusamehe. Kopo itakuwa pa meza, na gants kando ya kopo.

Usalimie Tantine mwenye kukupatia nyumba, na Nkambo, umuambie tumbako yake iko njiani. Yaya wangu wa Dilolo, akipita, umuambie aache kunyamaza sawa jiwe.

Na wewe, kuya. Panda lori ya makala ya siku ya tano, juma yenye kukuya. Pasteur na ba mama ba kanisa nilishabaalika bote. Kiti yako iko mustari ya mbele, karibu na ya Tata Mukendi. Kitenge ya kufunika uache nyumbani, na usipake mafuta. Utaweka mikono yako pa meza, pale pale gants ziko.

Mi mutoto wako mwenye alikuwa pale na aliona,
Ndaya