Mpira Ulivuka, Kaka Hakuuona

Kariakoo, Jumapili usiku, 1974

Si uchovu, kama anavyodai. Kaka Yosefu haoni vizuri.

Kwenye uwanja wa gofu tunakocheza Jumapili, shimo la saba ndilo linalotutesa siku zote: mbele yako ni kinamasi kitupu, matete na tope mpaka ng'ambo. Leo kaka alipiga mpira ukavuka safi, ukatua kwenye majani mafupi, mweupe, peupe kabisa. Nikapiga makofi. Yeye akavua viatu, akakunja suruali, akaingia topeni kuutafuta.

"Kaka, umevuka!"

"Umevuka?" Akageuka kunijibu, lakini macho yake yalikuwa kwenye mti uliokuwa pembeni yangu.

Nilimshika mkono nikamtoa, tope likiwa magotini. Nikamuuliza ni tangu lini haoni.

"Tangu Krismasi. Barabara naijua kwa moyo, usiogope. Ila usimwambie shemeji yako."

Nisiogope! Anaendesha lori la mizigo kutoka bandarini, anapita humu humu Kariakoo, katikati ya mikokoteni na watoto.

Jioni nilishindwa kunyamaza. Nilimkuta shemeji uani anachambua mchele, nikamweleza yote. Hakushtuka hata kidogo.

"Najua," akasema. "Lakini akiacha lori, hapa tutakula nini?"



Kesho alfajiri nitamsubiri kaka kwenye geti la bandari kabla hajawasha gari. Nitamwomba ufunguo. Akininyima, nitakwenda mwenyewe kumweleza msimamizi wake, na najua kaka hatanisamehe.