Makaa Katika Foto Yako

Kisangani, tarehe 9 mwezi wa tatu, 1987

Mutoto wangu Philippe,

Nakusalimia sana, wewe na mudogo yako Hilaire. Munalala muzuri? Baridi ya Ulaya imepunguka? Sisi huku tuko, ni magoti yangu tu. Papa yako ameenda salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, kuchimba mufereji, ndiyo maana naandika haraka mbele arudi.

Barua yako ilifika siku ya ine. Niliisoma, kisha nikamupa tonton Ambroise, kaka yangu, aisome tena, labda macho yangu yalinidanganya. Ulisema wanganga wa hospitali walimuingiza Hilaire katika mashini, wakamupiga sindano, ile dawa ikawaka ndani ya bongo kama makaa katika mbabula, ili waone zile sauti anazosikia zinatoka wapi. Na wewe uliingia, wapate foto ya mutu asiye na ugonjwa ya kulinganisha. Alors foto yako ikatoka sawa na yake, zote mbili hazifanane na za watu wengine. Sasa unaogopa sauti zitakuja kwako pia, unataka kuacha masomo.  Tangu siku ile natwanga majani ya pondu, mara nasimama, sijui nilikuwa nafanya nini.

Mbele wawapige foto ulituandikia kwamba Hilaire asikunywe dawa yoyote mwezi muzima, dawa inaharibu foto. Nilisikia. Lakini niliwaza: mutoto akae mwezi bila dawa, na mama yake iko?

Bon. Kahawa niliyotuma na mama Odile alipokuja huko kutembea haikuwa kahawa tupu. Nilisaga ndani yake mizizi ya munganga wa Ubundu, ile ya kutuliza kichwa. Iko chungu, na kahawa inaficha. Sikuwaza kama wewe pia utaikunywa. Kumbe, vile uliandika, ni ninyi wawili kila asubuhi, munacheka namna kahawa ya kwetu iko kali.

Naijua ile mizizi, Philippe. Kisha kukuzaa, nilisikia sauti miezi sita. Papa yako alikataza tuseme. Ni mizizi hiyo nilikunywa, na ni mie yule aliyekulea.

Mwaga kahawa yote, hata ikinukia muzuri. Waambie wanganga mambo yangu yote mawili, mizizi na zile sauti zangu, wawapige foto tena. Unikasirikie, lakini usiache masomo. Hilaire usimuambie kwanza, nitamuandikia mie mwenyewe.

Mama Odile na tonton wanawasalimia. Papa yako iko inje, anaosha jembe. Naacha hapa.

Mie mama yenu,
Adèle