Mbegu ya Mama wa Mitaboni

Alhamisi

Bado namsikia yule mama akimshukuru Kioko.

Jana kampuni ya mbegu ilitufunza hotelini, sisi wauzaji wa agrovet, maduka ya mbegu na dawa za kilimo. Tukaambiwa: mteja akitaja mbegu nyingine, mwambie imepitwa na wakati, umpe yao. Tulikula kuku, tukapewa tisheti. Kwamba mbegu yao inataka mvua nyingi, mkufunzi alisema tusilitaje mpaka tuulizwe.

Leo mama mmoja wa Mitaboni akaomba mbegu yake ya kila msimu, ile inayokomaa haraka. Kioko, mwenzangu wa kaunta, akamwambia, "Mama, hiyo ni ya zamani. Chukua hii."

Nikashindwa kunyamaza. "Mama, hiyo anayokupa inataka mvua nyingi. Kwenu mvua hukatika mapema."

Akaitazama tisheti ya Kioko. "Huyu amefunzwa na wenye mbegu. Wewe unajua kuwaliko?"

Tisheti yangu niliiacha nyumbani makusudi.

Akachukua ya kampuni. "Ngai akubariki, mwanangu," akamwambia Kioko.

Mwenye duka amenionya: nikirudia, nitafute kazi kwingine. Na kazi yenyewe, Machakos hii...

Kesho akija mama mwingine, naogopa nitanyamaza.