Nyumba ya Macho ya Manjano

Kitengela, 6 Februari 2024

Mpendwa Yeyo,
Takwenya, nakusalimu. Natumaini kifua kimepoa. Mimi niko na nguvu, lakini niko na habari. Nilitoa damu kanisani, wakanipigia simu: niko na hepatitis B, ugonjwa wa ini. Unaweza kukaa nao miaka bila kusikia chochote, halafu macho yageuke manjano, tumbo lijae maji. Kaka yetu Ledama alikufa hivyo. Baba pia. Tafadhali nenda na ndugu yangu Parmuat hospitali ya kaunti hapo Kajiado, mkaombe kipimo cha damu cha hepatitis B.
Binti yako,
Seleyian

Bisil, 19 Februari

Seleyian mwanangu,
Iko, nimeitikia. Kifua ni heri. Hayo ya hospitali yaache. Tunajua ni nani alifanya. Katoo, mke mdogo wa baba yako, alikula na sisi huku akituroga. Watoto wake wamebaki wazima, wangu nazika. Tulimfukuza, lakini uchawi wake haujaondoka. Jana mchana, jua kali, nilisikia Ledama akikohoa nyuma ya jikoni. Nikazunguka. Hakuna mtu. Mbuzi wote walikuwa wamesimama, wanaangalia hapo.
Leo macho ya Parmuat yamekuwa kama samli. Usije nyumbani.
Mama yako

Kitengela, 21 Februari

Yeyo,
Nisamehe kwa salamu fupi. Macho hayo ndiyo ugonjwa wenyewe. Mpeleke ndugu yangu leo. Ni damu kidogo tu ya mkono, na asiye na ugonjwa anachanjwa. Wewe pia upimwe. Daktari aliniuliza kama mama yangu aliwahi kupimwa.
Seleyian wako

Bisil, 30 Aprili

Mwanangu,
Natumaini umeamka salama. Nimekaa kimya muda mrefu. Parmuat alilazwa siku sita; sasa anameza dawa na anakula. Mimi pia niko nao. Daktari Mbithe alisema huenda niliupata kabla sijaolewa, na kwamba mtoto huupata kwa mama akizaliwa. Nikamuuliza, “Wanangu wote?” Akasema si kosa langu.
Jana nilienda Matasia kwa Katoo. Ni miaka kumi na moja tangu tumfukuze. Majirani hawamsalimii, maneno yetu yalifika kabla yake. Binti yake alijifungua mwaka jana, na Katoo hajawahi kumshika huyo mtoto. Nilimweleza yote, nikamwomba msamaha, nikamwambia naye apimwe. Akanimiminia chai.
“Mama Ledama,” akasema, “hata mimi nilikuwa nimeanza kuamini.”
Yeyo wako