Mpimaji na Kona ya Jiko la Dada

Ndugu yangu, huyu mpimaji mpya wa ardhi ni bure kabisa.

Leo kaja kwa dada yangu na rangi nyekundu, akachora X kwenye ukuta wa jiko. Livunjwe, eti liko barabarani!

Nikamuuliza ile kona ya mpaka wa kiwanja, inayolizunguka jiko, imekwenda wapi kwenye ramani yake. Akafungua kompyuta: "Mzee, kuna kiprogramu nimeongeza kwenye ramani, kinanyoosha mistari iliyopinda."

Kinanyoosha! Mpaka wa watu!

Nikamshika mkono hadi kwenye jiwe la kona, nililolichimbia mwenyewe nilipokuwa kibarua wa wapimaji. "Na hili je, kompyuta yako imelihamisha?"

Akaomba brashi na ndoo ya maji.

Sasa hivi anasugua ile X ukutani. Dada kavuta kiti, anamwonyesha alipobakiza rangi.