Mtoto wa Mwisho Ataachaje Ziwa?

Mpendwa Shangazi Dorcas, shikamoo. Naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana siku hiyo mwanangu anapelekwa Busisi kwa bibi yake kuachishwa ziwa, na mimi sijui nitafanyaje.

Naitwa Odeta, tunaishi Igombe karibu kabisa na maji, na mwanangu Masele anakaribia miaka miwili, anatembea, anaongea, anafukuza kuku wa jirani, lakini chakula hataki, ukimpa ugali na sato anatema, ukimpa uji anafumba mdomo, anachotaka ni kunyonya tu, na kliniki wameniambia uzito wake umesimama. Naelewa, shangazi, mimi si mjinga. Lakini mchana nikishaanua dagaa nakaa mlangoni nampakata, upepo unatoka majini unaingia hadi ndani, pazia linapanda na kushuka, mawe ya kule mbele yanakuwa kama yanaelea, naye ananishika sikio anavuta taratibu mpaka macho yanamlegea, na mimi nazama naye, sijui nimelala au niko macho, nasikia wanawake wanacheka ufukweni kwa mbali kama wako nchi nyingine, na moyoni nasema tu, Mungu wangu, hapa hapa, usisogeze kitu.

Mama mkwe kila akipiga simu ni hilo hilo. “Mtoto anayekimbia bado ananyonya? Ndiyo maana hubebi mimba! Nileteeni huku, akikaa na mimi atasahau, nawe utapata mwingine.” Kwao ndiyo desturi, watoto wote waliachishwa kwa bibi, hata mume wangu Maige. Zamani nilisingizia foleni ya kivuko, sasa daraja limefunguliwa, kisingizio kimekwisha. Akanitumia na shubiri nijipake. Nikajipaka. Masele akaonja, akakunja uso, akanitazama weee, halafu akaenda jikoni akaleta kitambaa, akanifuta vizuri, akaendelea kunyonya. Nilicheka huku nalia.

Shangazi, asichojua mama mkwe ni kwamba mwingine hayupo. Nilipojifungua damu haikukata, madaktari wakatoa kizazi ili kuniokoa. Maige anajua, ila mbele ya mama yake anainamisha kichwa anasema “tutaona.” Huyu ndiye wa kwanza na ndiye wa mwisho. Akiacha yeye, hakuna atakayeninyonya tena hapa duniani. Nikatae asiende, au nimtoe tu nijikaze kisabuni?

Mama Masele, Igombe

*

Marahaba, Mama Masele. Majina yenu na mahali mnapoishi nimevibadilisha, usiwe na hofu.

Pole sana, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili. Kutolewa kizazi na mtoto bado mchanga mkononi ni msiba, na msiba wako hakuna aliyekuja kuukalia matanga. Ndiyo maana unaulilia peke yako kila mchana hapo mlangoni.

Sasa kaa vizuri nikugombeze. Masele hajachelewa. Kunyonya hadi miaka miwili, hata na zaidi, hakuna ubaya, na maziwa yako hayana kasoro. Kinachomponza ni kuletewa chakula akiwa ameshashiba. Na nani anamshibisha? Wewe! Mtoto akigusa kitenge tu, umeshakaa. Mwanangu, huyo hakuzaliwa akuuguze. Ni mdogo mno kwa kazi hiyo.

Busisi haendi. Kumnyang'anya mtoto ziwa na mama kwa siku moja ni kumwonea. Bibi yake hana nia mbaya, anafanya alivyofanyiwa. Akitaka kusaidia, karibu sana, aje Igombe amlishe mjukuu wake kwa mkono wake, michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, iliyopondwa na karanga za kusaga, na utashangaa, mkononi mwa bibi watoto hula kuliko kwa mama. Shubiri itupe. Mtoto asifundishwe kwamba mama yake ni mchungu.

Anza na mchana. Chakula kwanza, ziwa baadaye. Ukifika ule muda wako wa kuzama, usikae mlangoni kabisa, mbebe mgongoni mkatembee ufukweni, uchukue na kikombe chake cha uji. Akizoea, punguza la asubuhi, la kulalia liwe la mwisho. Maziwa yakijaa, kamua kidogo upate nafuu, na ziwa likiwa gumu ukapata homa, nenda zahanati usingoje. Kliniki usikose, wapime uzito kila wanapokuita.

Maige, najua mkeo atakusomea hapa. Mpigie mama yako leo, wewe, si Odeta. Mwambie, “Mama, mke wangu alitolewa kizazi ili nisimzike.” Basi. Hiyo “tutaona” yako, tutaona nini? Mkeo anasimangwa kwa kitu unachokijua, nawe umeinamisha kichwa. Aibu!

Na wewe Odeta, siku ya mwisho ikifika, usijifiche ukamwacha akikutafuta nyumba nzima. Mwambie, “Mwanangu, leo tunamaliza kunyonya.” Atalia. Nawe lia, ruksa, hakuna wa kukunyima hilo. Ila ulie umempakata, ajue kwamba yaliyokwisha ni maziwa, mama bado yupo.